Linda Taarifa Zako Kabla ya Kompyuta Kwenda kwa Fundi

Kwa mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, au mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, kompyuta mpya hununulika. Hesabu za mwaka na tasnifu hazinunuliki. Tunamshauri mtumiaji:

1. Kabla ya matengenezo, nakili mafaili kwenye diski ya nje, hakikisha yanafunguka, na ubaki nayo.

2. Andikisha kwenye stakabadhi kuwa diski ya kompyuta isifutwe bila ridhaa yako.

3. Mafaili yakifutwa, acha kuitumia kompyuta mara moja. Mara nyingi faili lililofutwa hubaki kwenye diski hadi jingine liandikwe juu yake.

4. Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, zima kompyuta. Kuiwasha tena huweza kuongeza uharibifu.

Taarifa zako zikisambazwa bila ridhaa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kulalamika.