Ukifika Penye Mawe Yenye Michoro: Ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni kwa watu wa Nkololo: mchungaji, mvunja kokoto, na mwalimu anayepeleka wanafunzi Serengeti kuona ngao zilizochorwa na Wamasai kwenye miamba ya Moru.

Usimwagie mchoro maji. Wapo wanaomwaga, hata soda, ili picha ya simu itoke imekolea. Rangi hung'aa kidogo, kisha maji yakikauka chumvi hubaki juu ya jiwe na kuanza kuibandua. Kwenye mwamba wenye michoro wa Mongomi wa Kolo, kule Kondoa, wenyeji hunyunyiza pombe wakitambika. Hao waache, pale ni kwao. Wewe umekuja kutazama.

Usichimbe. Kolo watu wamefukua chini ya miamba wakitafuta mali iliyofichwa na Wajerumani. Udongo huo una majivu, vigae na zana za mawe za watu wa kale. Ukishapinduliwa, hakuna mtaalamu atakayejua kipi kilitangulia kipi.

Usigonge jiwe la ngoma la Moru, lile linalolia likigongwa. Vishimo vilivyo juu yake vimetokana na kugongwa miaka mingi, nawe huna sababu ya kuongeza chako. Kiongozi wa msafara akiligonga mara moja, sikiliza, inatosha.

Usiandike jina lako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro na nakshi za miambani zilizotangulia mwaka 1863.

Mvunja kokoto, kabla ya kuwasha matairi juu ya mwamba ili upasuke, uzunguke wote. Tazama chini ya ukingo, pale mvua isipofika. Ukiona wekundu uliofifia, au vishimo vilivyojipanga kama vya bao, zima kiberiti. Kokoto zipo kwingine.

Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa limelala. Jua likiwa la utosi vishimo hivyo havionekani vizuri. Mbuzi wabaki mbali, maana hujisugua ukutani. Ukigundua mwamba mpya, mweleze mwenyekiti wa kijiji na ofisa utamaduni wa halmashauri kabla hujaurusha mtandaoni. Michoro ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, ina walinzi, na bado inachorwa majina. Mwamba wako hauna hata mlinzi.

Nyuki wakiwa wamehamia ufa ulio juu ya michoro, usiwafukuze kwa moshi. Masizi hayatoki. Rudi siku nyingine.