Jua Haki Zako: Mzee wa Makao na Haki ya Kutulizwa Maumivu

Mzee anayehamia makao ya kulelea wazee nchini Kenya, yawe ya kaunti kama Mji wa Huruma ulioko Runda jijini Nairobi au ya watawa kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, hapungukiwi na haki yoyote ya mgonjwa kwa sababu ya kuhama huko. Katiba ya mwaka 2010, ambayo humhesabu kuwa mzee kila aliyetimiza umri wa miaka 60, inaiagiza Serikali katika Kifungu cha 57 kuhakikisha kwamba wazee wanaishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na kwamba wanapata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali yenyewe. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inapoeleza maana ya huduma za afya, haiishii kwenye kinga na matibabu bali inataja pia kupunguza makali ya ugonjwa. Kwa msingi huo, tiba shufaa ni haki ya mzee, wala si fadhila ya anayemtunza.

Tiba shufaa ni huduma apewayo mtu mwenye ugonjwa usiotarajiwa kupona, kama vile saratani iliyoenea mwilini, moyo ulioshindwa kazi au maradhi ya kupoteza kumbukumbu yaliyofikia hatua za mwisho, ili aondolewe maumivu, kichefuchefu, shida ya kupumua na hofu, na jamaa zake nao wapate wa kuwaliwaza. Huduma hiyo haiharakishi kifo wala haikiahirishi, na haifai kuchanganywa na kumuua mgonjwa kwa kumhurumia, tendo ambalo sheria za Kenya hazilikubali.

Mkanganyiko huo ndio unaomfanya mtunzaji aiogope mofini, dawa kuu ya maumivu makali, ilhali sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inaruhusu itumike kwa matibabu. Makao yanayompokea mzee aliyeandikiwa mofini ya maji yanapaswa kuhifadhi chupa hiyo kwenye kabati lenye kufuli, kuandika daftarini kila kipimo kilichotolewa, na kumpa mzee dozi kila baada ya saa 4 kama daktari alivyoagiza, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Dozi isiyotolewa usiku kwa sababu aliyeshika ufunguo amekwenda zake ni uzembe, hata kama daftari la mchana halina dosari. Vilevile mzee asiyeweza kusema hakosi maumivu: anayekunja uso anapogeuzwa kitandani, anayekataa chakula ghafla au anayempiga mkono mtunzaji anapooshwa anastahili kuchunguzwa kabla ya kuitwa mkorofi.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi, na pengine ndilo lenye uzito kuliko yote, ni ridhaa, yaani kukubali matibabu baada ya kuelezwa na kuelewa. Sheria ya Afya inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa, na inatambua haki yake ya kukataa. Kwa hiyo mwana anayemwambia daktari amfiche mama ukweli, ilhali mama mwenyewe ana akili timamu na anataka kujua, anaomba jambo asilo na mamlaka nalo, ajapokuwa analiomba kwa mapenzi. Mgonjwa asipoweza kuamua, sheria inamtambua kwanza mtu aliyemteua kwa maandishi aridhie kwa niaba yake, au aliyepewa mamlaka hayo na sheria nyingine au na amri ya mahakama, isipokuwa katika dharura ambapo kuchelewa kungeleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Wosia wa mali haumalizi jambo hili. Mzee anayeingia makaoni angali na fahamu zake na aandike, mbele ya mashahidi, ni nani atakayemsemea, kama anataka kurudishwa hospitalini hali ikizidi, na ni kiongozi gani wa dini aitwe. Nakala moja ikae katika faili lake.

Kuhusu gharama, jamaa wahakikishe kwamba mzee amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, mwezi Oktoba 2024, na waulize mapema ni huduma zipi zinalipiwa.

Haki ikivunjwa, mzee au jamaa yake anaweza kumwandikia msimamizi wa makao au wa kituo cha afya, kisha idara ya afya ya kaunti, Baraza la Madaktari, Baraza la Wauguzi au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, akitaja tarehe, saa na dawa iliyokosekana. Ikibidi kwenda Mahakama Kuu, Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, na hakuna ada inayotozwa kufungua kesi ya namna hiyo.