Damu Ikizidi Asidi, Dawa Haiko Jikoni

Maji ya limau asubuhi, kijiko cha magadi kwenye glasi, juisi ya majani mabichi: kila siku watu wanapeana mbinu za kuondoa asidi mwilini. Kwa mtu mwenye afya, hakuna kati ya hizo inayohitajika kupunguza asidi ya damu. Mapafu hutoa hewa ya kaboni kwa kila pumzi, figo hutoa asidi kwa mkojo, na pH ya damu, yaani kipimo cha asidi yake, hubaki kati ya 7.35 na 7.45. Kiungulia ni habari ya tumbo, si ya damu.

Damu ikizidi asidi kwelikweli, huo ni ugonjwa wa kukimbiza hospitali. Huletwa na figo kushindwa kazi, kuhara sana au maambukizi makali. Lakini nataka tukae na sababu moja inayowaua watoto na vijana ambao wangepona: kisukari kilichokosa insulini. Sukari hujaa kwenye damu bila kuingia kwenye seli, mwili unaanza kuchoma mafuta, na mafuta hayo yanazalisha ketoni, ambazo ni asidi.

Mwangalie mtoto anayekunywa maji kupita kawaida, anayekonda ingawa anakula, au aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena. Wazazi wengine huona sisimizi wamejaa pale alipokojoa. Baadaye huja kutapika na maumivu ya tumbo, na hapo ni rahisi kudhani ni malaria au taifodi. Mvue shati umtazame kifua. Anavuta pumzi ndefu za haraka kama aliyetoka kukimbia, ilhali amelala. Pumzi yake huweza kunuka matunda yaliyoiva mno, au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Usisubiri kukuche. Ukifika hospitali sema wazi: "Naomba apimwe sukari." Ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka papo hapo. Usinyamaze eti utaonekana unamfundisha daktari kazi.

Kwa anayetumia insulini tayari, hatari kubwa huja siku ya kuugua. Hana hamu ya kula, basi anaruka sindano. Sivyo! Mwili wenye homa mara nyingi huhitaji insulini zaidi, na ile ya kufanya kazi kutwa haiachwi hata kama hajala. Kiasi aulizie kliniki mapema, kabla hajaugua. Apime sukari kila baada ya saa 3 au 4, anywe maji kidogo kidogo. Ikivuka milimoli 14 kwa lita, apime ketoni kwa vijiti vya mkojo. Ketoni zikiwa nyingi, au akitapika mfululizo hata kama hana vijiti, aende hospitali.

Insulini iliyoharibika kwa joto nayo huleta balaa hili. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Pasipo friji, itie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, ndani ya chungu cha udongo kinacholoweshwa maji, kivulini.

Njiani kwenda hospitali usimpe mgonjwa magadi wala usimwongezee sindano kwa kukisia. Hospitalini atawekewa dripu na insulini huku potasiamu yake ikifuatiliwa. Beba mashine ya kupimia, chupa ya insulini na daftari la vipimo. Daktari atauliza sindano ya mwisho ilichomwa saa ngapi.