Mbwa Avutaye: Ukanda wa Shingo au wa Kifua?

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, watoto huja kutoka kila upande wa kijiji, kila mmoja na mbwa wake. Au, kusema kweli, kila mbwa na mtoto wake, maana aghalabu mbwa ndiye atanguliaye na mtoto hukokotwa nyuma. Mmoja amefungwa kamba ya katani, mwingine waya, mwingine mnyororo wa ng'ombe. Basi mbwa mwoga akisha kuona sindano hurudi kinyumenyume, huchopoa kichwa katika kitanzi, na kutoweka bila chanjo. Katika mpango wake wa mwaka 2014, Kenya ilikusudia kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Ili ugonjwa huo ukatike, yapasa mbwa wapatao 70 katika kila 100 wachanjwe. Kwa hiyo kamba ya mbwa si jambo la kudharau.

Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta kwamfaa. Huona kitu, huvuta, nasi tunamfuata, amekwisha kutufundisha.

Tufikiri kwanza habari ya shingo. Mbele yake mna koromeo, njia ya pumzi. Mbwa akivuta kwa ukanda mwembamba, hukabwa na kukohoa. Waya ni mbaya zaidi, kwa kuwa hukata ngozi. Na mtoto wa mbwa aliyefungwa uzi akasahauliwa, shingo yake hukua lakini uzi haukui, hata mwisho huzama nyamani. Ukanda mpana wa ngozi, wenye bizimu, wamtosha mbwa mtulivu. Vidole viwili vipite kati yake na shingo, visizidi.

Kwa mbwa avutaye kwa nguvu, mikanda ya kifua ni bora. Huzunguka kifua na kupita nyuma ya miguu ya mbele, hata uzito usiangukie koo. Lakini hapa wengi hukosea. Pete ya kamba ikiwa mgongoni, mbwa huvuta kwa raha kuliko kwanza. Mbwa wa nchi za theluji huvikwa mikanda ya namna hiyo makusudi ili wakokote mizigo. Chagua yenye pete kifuani. Akivuta, mwili wake hugeuka upande wako, na kuvuta hakumfikishi popote. Angalia kwapani kama hapachubuki. Fundi viatu aweza kuishona kwa turubai nene, ukimpelekea kipimo cha kifua.

Iko pia hatamu ya usoni, ambayo humwongoza mbwa kwa kichwa. Yafaa kwa mbwa mkubwa, lakini azoeshwe pole pole, wala kamba isikutuliwe ghafula. Tena asidhani mtu kwamba ni kifungo cha mdomo. Mbwa aliyeivaa aweza kuuma. Minyororo ya kukaba na mikanda yenye meno siisifu hata kidogo. Mbwa akiumizwa kila amwonapo mtoto au mbuzi, huenda akafikiri kwamba maumivu yatoka kwa mtoto au mbuzi yule, akazidi kuwa mkali.

Hata hivyo, hakuna ukanda ufundishao wenyewe. Siku nyingi kabla ya chanjo, mtembeze uani. Kamba ikikazika, simama kimya kabisa. Ikilegea, endelea, umpe kipande kidogo cha nyama. Siku ya kwanza huenda usivuke ua, na majirani watakucheka.

Siku ya chanjo yenyewe, mbwa mwoga avae ukanda wa shingo na mikanda ya kifua pamoja, kamba ifungwe katika vyote viwili, ili akichopoka kimoja abaki katika cha pili. Mtu mzima na aishike, wala asiizungushe mkononi, kwa kuwa mbwa akiruka ghafula kamba hukaza na kuumiza vidole.