Mtafiti wa Saikolojia Akibisha Hodi Kabeza: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kujibu

Mkazi wa Kabeza, hapa umurenge wa Kanombe wilayani Kicukiro, anaweza siku yoyote kutembelewa na mwanafunzi wa chuo kikuu au mfanyakazi wa shirika anayetaka kuzungumza naye juu ya huzuni, hofu, ndoa au malezi. Mgeni huyo hana karatasi ya kuweka alama za vema. Ana daftari, kinasa sauti na maswali machache, na anaomba kama saa moja ya muda wako. Kazi yake inaitwa utafiti wa kimaelezo. Ina manufaa makubwa, na wewe una haki zako ndani yake.

Takwimu tunazo. Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa nchini mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 12 ya watu kwa jumla walikuwa na sonona, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni asilimia 35. Tunajua basi tatizo lina ukubwa gani. Hatujui mama anayekesha macho makavu anajisikiaje, anamwendea nani, wala kwa nini hafiki kituo cha afya. Hayo anayajua yeye, na njia ya kuyapata ni kumsikiliza.

Rwanda yenyewe ina mfano mzuri wa kazi hii. Miaka michache baada ya mauaji hayo ya 1994, mtafiti Paul Bolton alitaka kujua kama sonona inayoelezwa na vitabu vya madaktari wa Marekani inaonekana hivyo hivyo kwa Wanyarwanda. Wahojaji hawakuanza kwa kuuliza, "Je, una sonona?" Waliwaomba wenyeji wataje matatizo yaliyowapata watu kutokana na mauaji yale, majibu yakaandikwa kwa maneno ya wasemaji wenyewe. Kisha wakawatafuta watu wanaoyafahamu zaidi mambo hayo na kuzungumza nao kwa kirefu. Mwisho wakatumia kadi: kila dalili kadi yake, na mhojiwa anazipanga mafungu kadiri yeye aonavyo kwamba hii inakwenda na ile.

Mafungu hayo ndiyo yaliyosema. Wenyeji walikuwa na maradhi mawili waliyoyatambua wazi: guhahamuka, yaani kiwewe cha akili, na agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Baadhi ya dalili zilikuwamo katika vitabu vya madaktari, nyingine hazikuwamo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Bolton na wenzake walitumia njia kama hiyo Uganda, maeneo ya Masaka na Rakai, na jaribio la tiba ya vikundi lililofuata, lililochapishwa mwaka 2003, lilionyesha kwamba watu walipata nafuu kubwa. Kwa hiyo maneno ya mwanakijiji yalifika hadi kwenye tiba. Ndiyo sababu nasema kazi hii inastahili ushirikiano wetu.

Lakini ushirikiano ni hiari. Kabla ya swali la kwanza, muulize mgeni anatoka wapi, nani amempa kibali, na sauti yako itahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Utafiti unaogusa afya ya watu hupitiwa na kamati ya maadili, ya taifa au ya chuo, na mtafiti makini huja na barua mkononi na huwa amejitambulisha kwa viongozi wa mahali. Hata hivyo, kibali cha kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji, si ridhaa yako. Unaweza kukataa, kuruka swali, kusema kinasa sauti kizimwe, au kusimamisha mazungumzo katikati bila kueleza sababu. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi inakuruhusu pia kuiondoa ridhaa uliyokwisha kuitoa. Nauli au soda unayopewa ni ahsante ya muda wako, na haikulazimishi kusema usilotaka.

Majadiliano ya kikundi yanahitaji uangalifu zaidi, na hapa naona wengi hawaelezwi vya kutosha. Mtafiti anaweza kuahidi kwamba yeye atatunza siri. Hawezi kuahidi kwa niaba ya majirani saba mlioketi nao, ambao kesho mtakutana sokoni na Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Katika nchi ambayo manusura wa mauaji ya kimbari na waliomaliza vifungo vyao kwa mauaji hayo wanaishi mtaa mmoja, jambo hilo ni zito. Kwenye kikundi zungumzia mambo ya watu kwa jumla. Yako ya ndani omba uyaseme mkiwa wawili. Mwanamke ana haki ya kuomba ahojiwe na mwanamke.

Siri nayo ina mpaka. Ukieleza kwamba mtoto anadhulumiwa au kwamba unataka kujiua, huenda mtafiti akalazimika kutafuta msaada. Anapaswa kukuambia hilo mwanzoni.

Usishangae wakihojiwa watu wachache. Mwaka 2006 mtafiti Greg Guest na wenzake waliyapitia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba mada karibu zote kuu zilikuwa zimeshajitokeza katika 12 ya kwanza. Kinachotafutwa ni kina, na mtafiti hukoma anapoona hapati jipya.

Kwa vijana mnaotumwa kuhoji: swali la kuongoza, kama "Ulihuzunika sana, sivyo?", linamwekea mtu jibu mdomoni. Sema, "Hebu niambie ilikuwaje," kisha nyamaza. Msipange mahojiano ya mambo ya 1994 karibu na tarehe 7 Aprili, maombolezo yanapoanza na majonzi yanapokuwa mazito, na msiingie nyumba ya mtu bila kujua mtampeleka wapi akizidiwa: kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Ndera ya magonjwa ya akili ikibidi.

Nawe mkazi, mwombe mtafiti arudi kukusomea alichokipata, na usitie sahihi kabla fomu nzima haijasomwa kwa lugha unayoielewa.