Kuwamba Ngoma na Kushika Litungu: Mwongozo wa Warsha kwa Watoto wa Tarime na Serengeti

Mkoa wa Mara una Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na shule nyingi za Tarime na Mugumu zinaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Kama ilivyo katika makumbusho yoyote, mtoto akifika huambiwa asiguse. Agizo hilo ni la haki, kwa kuwa kifaa cha kale kikivunjika hakuna cha kukirudisha. Lakini ala ya muziki hufahamika kwa mikono na masikio, na mtoto aliyeitazama tu nyuma ya kioo bado hajaijua. Ndiyo maana kila ziara ya namna hii inastahili kuambatana na warsha: seti ya pili ya ala zilizotengenezwa mahususi kwa kushikwa, kupigwa na hata kupasuliwa. Ifanyike shuleni, au uwanjani Butiama kwa makubaliano na watumishi wa makumbusho.

Hatua ya kwanza: mtafute mtu kabla ya vifaa

Kwa Wakurya, ala ya kutafuta ni litungu: nyuzi nane, mwili wa mti uliofunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, sauti nzito. Nenda kwa mzee anayelipiga, kaa naye, msikilize kwanza. Upande wa Serengeti usiwaweke watu wote chini ya jina la Wakurya. Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wana nyimbo zao na watu wao wa kuwafundisha watoto. Ukimpata pia Mjaluo mpiga nyatiti kutoka Rorya, mlete. Nayo ina nyuzi nane, lakini mpigaji huvaa pete kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mti wa ala huku akicharaza. Watoto wakizisikia zote mbili kwa zamu, wataeleza tofauti wenyewe bila hotuba ya mwalimu.

Malipo na nauli mpatane mapema. Siku hiyo mzee ni mwalimu, na chai na soda si ujira.

Suala la nyimbo lisiachwe hadi asubuhi ya warsha. Ngoma nyingi za huku huandamana na tohara, na msimu wake ni Desemba, wakati uleule wa likizo ambapo wengi hupenda kuwakusanya watoto. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu mwaka 1998, na nyumba salama za Mugumu na Masanga hupokea wasichana waliokimbia kisu. Msichana wa namna hiyo anaweza kuwa miongoni mwa watoto wako. Kwa hiyo ombeni nyimbo za palizi, za mifugo, za harusi. Wahusishe na kina mama watu wazima wanaoyajua maneno yake, maana mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anaweza kufurahia mdundo asijue kinachoimbwa.

Hatua ya pili: ngozi, siku kumi kabla

Ngozi haiharakishwi, na ratiba yote ya warsha hupangwa kuifuata. Nunua ngozi ya mbuzi machinjioni, ya mnyama aliyekaguliwa na mtaalamu wa mifugo. Usichukue kamwe ngozi ya mnyama aliyejifia, hata ukipewa bure. Kimeta kipo katika ukanda huu wa mifugo na wanyamapori, na vijidudu vyake hukaa ndani ya ngozi kavu kwa miaka mingi. Mwaka 2008 mtengeneza ngoma mmoja alifariki London kwa kimeta alichokivuta puani kutokana na ngozi alizokuwa akizishughulikia.

Ngozi ya kenge, manyoya ya mbuni na ngozi ya mbega viacheni kabisa. Mnaishi mpakani mwa hifadhi, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumiliki nyara bila kibali.

Kazi ya kuondoa nywele ni ya watu wazima. Loweka ngozi kwenye maji yenye majivu siku mbili au tatu, nywele zikianza kuchomoka ziparue kwa kisu butu, kisha suuza hadi maji yawe meupe.

Hatua ya tatu: kuwamba

Kuchonga mzinga wa ngoma si kazi ya mtoto wa darasa la tano. Tumia makopo makubwa ya rangi yaliyosafishwa vizuri, kingo zake zikiwa zimepigwa nyundo zisikate. Kata ngozi mbichi duara, izidi mdomo wa kopo kwa vidole vinne kila upande. Toboa matundu pembeni, pitisha kamba hadi kwenye pete ya waya iliyo chini ya kopo, na kaza upande mmoja kisha upande unaoukabili. Ukikaza kwa kuzunguka, ngozi itavutwa upande na sauti itakuwa mbovu. Anika kivulini siku tatu au nne. Jua kali huipasua.

Hapa ndipo warsha nyingi hukwama: watoto wanawamba leo na wanataka kupiga leo. Njia ninayoipenda ni kila darasa kuwamba ngoma za darasa litakalofuata, na lenyewe kupiga zile zilizowambwa na waliotangulia. Wadogo wa chini ya miaka minane watengeneze manyanga ya makopo. Wajaze ulezi, kisha mtama, kisha mahindi, walinganishe sauti. Wanaotaka ngoma papo hapo wavute kipande cha tyubu ya gari juu ya kopo na kukifunga.

Hatua ya nne: kupiga

Anzeni na miguu, njuga zikiwepo. Kisha makofi, kisha manyanga, ngoma mwisho. Litungu humezwa kirahisi na makopo thelathini, basi wekeni kanuni moja: litungu likinyamaza, wote wananyamaza, likianza, ngoma zinapigwa kwa vidole tu. Ngoma iliyolegea ikanzwe motoni kidogo, mtu mzima akiishika.

Wagawe watoto bila kufuata koo. Tarime imewahi kuumizwa na mapigano ya koo juu ya ardhi na ng'ombe, na si lazima utangaze sababu, changanya tu. Litungu limezoeleka mikononi mwa wanaume, kwa hiyo zungumza na mzee mapema ili wasichana nao walishike na kulicharaza. Akisita, mweleze kwa heshima, asikutane na jambo hilo mbele ya watoto.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Kila ngoma ifungwe kikaratasi kama kifaa cha makumbusho: jina la aliyeiwamba, ngozi ya mnyama gani, aliyefundisha ni nani, tarehe. Zitundikwe ukutani, mbali na panya na mchwa, na ufunguo wa chumba akae nao mtu ambaye watoto wanaweza kumfikia.