Si Kila Uvimbe wa Korodani ni Busha

Mwanaume wa Msambweni au Diani akivimba korodani, jibu la kwanza mtaani ni busha. Si ajabu: pwani hii imeishi na matende miaka mingi, na dawa za kuyakinga zilianza kugawiwa Kwale mwaka 2003. Lakini busha la maji likimulikwa kwa tochi hupitisha mwanga. Kivimbe kigumu hakipitishi, nacho kinahitaji ultrasaundi.

Hapo daktari huuliza swali linaloshangaza: nyumbani kuna aliyepata uvimbe wa figo, au kupofuka kijana? Upo ugonjwa adimu wa kurithi, von Hippel-Lindau, unaootesha vivimbe kwenye mirija ya mbegu nyuma ya korodani, mara nyingi pande zote mbili. Vivimbe hivyo si saratani, na visipouma kwa kawaida havikatwi. Hatari iko kwingine, kwenye figo, macho na ubongo, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwa hiyo aibu ya baba yaweza kumgharimu mwana.

Uvimbe mgumu, hata usiouma, upelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Unaoanza ghafla kwa maumivu makali usingoje asubuhi.